Wazee wa Yezreeli na sahihi sita

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 21, habari za shamba la mizabibu la Nabothi. Someni pia 2 Wafalme 10:1–11. Sura hizi mbili huwa tunazisoma kwa nyakati tofauti, na hivyo jambo moja zito hutupita.

Katika habari hii tumezoea kumtazama mfalme Ahabu aliyelitaka shamba hilo, mkewe Yezebeli, Nabothi na nabii Eliya. Leo nawaomba tusimame kwenye mistari ya 8 hadi 14, kwa wazee na watu wenye vyeo wa Yezreeli, mji wa Nabothi. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akazituma kwao. Maagizo yalikuwa wazi: tangazeni mfungo, mwekeni Nabothi mbele ya watu, wekeni mashahidi wawili wa uongo, kisha mtoeni nje mkampige mawe. Wazee hao waliishi mji mmoja na Nabothi. Walimjua. Walijua kwamba shamba lile ni urithi wa baba zake, na kwamba mtu wa Mungu haruhusiwi kuuza urithi kama anavyouza kondoo. Hata hivyo hatusikii swali hata moja. Walitekeleza kama walivyoandikiwa, tena chini ya kivuli cha mfungo, halafu wakapeleka taarifa fupi ikulu: Nabothi amepigwa mawe, amekufa. Hakuna mzee hata mmoja ambaye Biblia imemtaja kwa jina.

Sura hii nimeisoma sambamba na maisha ya mtu mmoja wa Romania, Corneliu Mănescu. Alizaliwa Ploiești mwaka 1916, akajiunga na chama cha kikomunisti mwaka 1936, wakati chama hicho kikiwa kimepigwa marufuku na mwanachama akiweza kufungwa. Wakomunisti walipochukua nchi baada ya vita, vijana wa namna yake wakawa wakubwa. Yeye alipanda ngazi serikalini, akapelekwa Hungaria kuwa balozi, na mwaka 1961 akawa waziri wa mambo ya nje. Kiti hicho alikikalia hadi 1972.

Tumtendee haki. Kazi yake ya kidiplomasia ilikuwa kubwa. Romania ilikuwa ndani ya kambi ya Moscow, lakini katika miaka yake ilijifunza kusema neno lake yenyewe. Januari 1967 ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Magharibi, jambo lililowaudhi sana majirani zake wa Ujerumani Mashariki. Juni mwaka huohuo, nchi za kambi ile zilipokata uhusiano na Israeli, Romania ilikataa kufuata mkumbo. Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa kambi ile, yalipoingia Chekoslovakia, askari wa Romania hawakuwemo.

Septemba 1967 Mănescu alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mtu wa kwanza kutoka nchi ya kikomunisti kuongoza chombo hicho. Katika kikao alichokiongoza, tarehe 12 Juni 1968, Baraza Kuu liliunga mkono mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Siku hiyohiyo likaamua kwamba nchi iliyoitwa Afrika ya Kusini Magharibi, iliyokuwa mikononi mwa makaburu, ijulikane kwa jina la Namibia. Wakati huo wapigania uhuru wa SWAPO walikuwa na makao yao Dar es Salaam. Wazee wetu waliokuwa wakiomba kwa ajili ya ukombozi wa kusini mwa Afrika waliipokea habari ile kwa shukrani, na Mromania huyu ndiye aliyekuwa amekalia kiti.

Sasa tugeuze uso tuitazame nchi yake ndani. Tarehe 1 Desemba 1948 serikali ya kikomunisti ililifuta kwa amri Kanisa Katoliki la Kigiriki la Romania. Maaskofu wake walikamatwa, na baadhi yao walifia kifungoni. Askofu Iuliu Hossu alitolewa gerezani lakini hakurudishiwa uhuru. Aliwekwa kizuizini katika nyumba ya watawa ya Căldărușani hadi alipofariki mwaka 1970. Mchungaji Mlutheri Richard Wurmbrand alikaa gerezani jumla ya miaka 14, na alitoka mwaka 1964. Linganisheni miaka hiyo na ile niliyoitaja juu. Waziri alipokuwa akishangiliwa New York kwa hotuba za amani na haki ya mataifa madogo, askofu mzee alikuwa amefungiwa, na waumini wake walikuwa wakiadhimisha misa kwa siri majumbani. Mănescu hakuwa mlinzi wa gereza. Yeye alikuwa uso mzuri wa nyumba iliyokuwa na gereza ndani yake. Na uso mzuri ni huduma kubwa kwa mfalme mbaya, pengine kubwa kuliko ya mlinzi. Hilo siwezi kulipunguza uzito, hata kama namheshimu.

Mwaka 1972 aliondolewa wizarani. Baadaye, kuanzia 1977 hadi 1982, alikuwa balozi Ufaransa. Katika miaka hiyo Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania, alikuwa amejifanya chama, serikali na taifa kwa pamoja. Miaka ya themanini aliamua kulipa deni lote la nje kwa haraka. Chakula kikasafirishwa kwenda kuuzwa nje, wananchi wakapangiwa mgawo wa mkate, nyumba zikakosa joto wakati wa baridi kali. Katikati ya Bucharest mtaa mzima ulibomolewa ili ijengwe ikulu kubwa mno, na makanisa yakabomolewa pamoja nao. Nyumba ya watawa ya Văcărești, iliyodumu tangu karne ya 18, nayo ilivunjwa miaka hiyohiyo. Mnakumbuka 1 Wafalme 18? Nchi ina njaa miaka mitatu, na Ahabu anamtuma Obadia, msimamizi wa nyumba yake, watafute majani ya kuokoa farasi na nyumbu. Watu hawakutajwa katika agizo lile.

Kisha likaja shamba la Nabothi lenyewe. Mwaka 1988 Ceaușescu alitangaza mpango wa kufuta zaidi ya nusu ya vijiji vya nchi, vilivyokuwa kama elfu 13, wanavijiji wahamishiwe katika majengo ya ghorofa. Kwa mkulima maana yake ilikuwa kuacha nyumba, bustani, kanisa na makaburi ya wazazi. Nabothi alimjibu mfalme kwamba Bwana apishe mbali, asimpe urithi wa baba zake. Wakulima wa Romania walikuwa na jibu lilelile moyoni. Nani angelifikisha ikulu?

Machi 1989 ikatokea barua. Safari hii haikutoka ikulu kwenda kwa wazee. Wazee ndio walioiandikia ikulu. Walikuwa sita, wote watu wa chama: Gheorghe Apostol, Alexandru Bârlădeanu, Corneliu Mănescu, Constantin Pîrvulescu, Grigore Răceanu na Silviu Brucan. Pîrvulescu alikuwa na miaka 93 na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama mwaka 1921. Barua ilisomwa kwenye redio za nje, BBC na Radio Free Europe, na Waromania wakaisikiliza kwa sauti ya chini majumbani mwao. Walimwambia Ceaușescu mambo matatu: aachane na mpango wa vijiji, arudishe haki za raia zilizomo katika katiba, na akome kuuza chakula nje wakati watu wana njaa. Tangu mwanzo wa barua walisema wanajua kwamba wanauweka rehani uhuru wao, hata maisha yao. Wakaweka majina.

Securitate, polisi wa siri, waliwahoji na kuwawekea ulinzi majumbani, na wengine wakahamishwa makazi. Mtu aliyewahi kuongoza mkutano wa mataifa yote ya dunia alinyimwa ruhusa ya kuonana na wageni. Alikuwa na miaka 73.

Ndugu mmoja ataniuliza: mtu huyu ana sifa gani ya kuletwa kwenye tafakari ya Neno? Hakuandika kwa jina la Bwana. Waliandika kama wakomunisti, wakilalamika kwamba itikadi yao imechafuliwa. Tena alichelewa. Mjini Cluj alikuwepo mama mmoja, Doina Cornea, mwalimu wa Kifaransa chuo kikuu, muumini wa kanisa lile lililopigwa marufuku. Barua yake ya kwanza ilisomwa redioni mwaka 1982. Mwaka uliofuata akafukuzwa kazi, akafuatwafuatwa na kufungiwa nyumbani, na mwaka 1988 akaandika tena kuvitetea vijiji. Hakuwa na cheo wala jina la kumlinda. Akitafutwa Eliya katika habari hii, ni yeye.

Nakubali yote hayo. Mănescu si Eliya, ni mzee wa Yezreeli. Na ndiyo sababu namleta kwenu, maana wengi wetu si akina Eliya. Tuna ajira na pensheni, tuna watoto shuleni, na tuna mihuri mezani. Neno linalotuhusu sisi ni Mithali 31:8: “Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu.” Halina kikomo cha umri. Mzee aliyenyamaza miaka mingi haruhusiwi kusema, “Nimeshachelewa, acha ninyamaze hata kaburini.” Kuchelewa kwake ni kosa la kutubia, na kosa hilo halimpi likizo ya kutosema kweli.

Turudi kwenye 2 Wafalme 10. Miaka imepita, Ahabu amekufa, na Yehu ametwaa ufalme kwa upanga. Yehu naye anaandika barua kwa wazee na walezi wa wana wa Ahabu. Kwanza anawaambia wamtawaze mmoja wa wana 70 wa mfalme, wampiganie. Wazee wanajibu kwamba wao ni watumishi wake, lolote atakalowaambia watalifanya. Ndipo anawaandikia tena, anataka vichwa vya wana hao, na kesho yake vichwa viko ndani ya vikapu. Utii uliommaliza Nabothi ndio ulioimaliza nyumba ya Ahabu. Mfalme alipenda watu wasiomkatalia kamwe, na watu hao hawakumkatalia hata muuaji wa wanawe.

Tarehe 20 hadi 24 Novemba 1989 chama cha Romania kilifanya mkutano mkuu. Wajumbe walisimama wakapiga makofi, wakasimama tena, wakamchagua Ceaușescu bila sauti moja ya kupinga. Katikati ya Desemba, mjini Timișoara, waumini walizunguka nyumba ya mchungaji wao László Tőkés wa Kanisa la Reformed asihamishwe kwa nguvu, na kutoka hapo moto ukawaka nchi nzima. Tarehe 22 Ceaușescu alikimbia. Siku ya Krismasi alihukumiwa katika kesi ya saa moja hivi akapigwa risasi pamoja na mkewe, na wale waliopiga makofi mwezi mmoja kabla hawakuonekana. Barua ya Machi ilikuwa mlango wa toba. Ahabu alipoambiwa kweli alirarua mavazi yake, akavaa gunia, na Bwana akaahirisha mabaya. Ceaușescu aliwafungia walioleta barua.

Katika maombi ya wiki hii tuwataje kwa majina ndugu zetu walio ofisini: makarani wa ardhi, mahakimu, watendaji wa vijiji, wahasibu, askari, na wazee wa kanisa wanaotia sahihi kwa niaba ya usharika. Wapo ambao karatasi iko mezani sasa hivi, na mwenye shamba wanamjua. Tuwaombee ujasiri kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na familia zao tuwe tayari kuzilisha, ikibidi.