Nishani kushoto, vifungo kushoto

Hapa Nasser Road, Kampala, watu ambao hawajawahi kukutana husimama bega kwa bega kila siku. Ndiyo kazi ya mtaa huu wa wachapaji, kuwakutanisha pichani: mabango ya wakubwa, kalenda, kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda), ratiba za mazishi. Mimi nimo humo na kompyuta yangu ya mtumba na GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995. Majirani wananicheka, wao ni watu wa Photoshop. Wacheke tu.

Juzi alikuja afande mmoja mstaafu kutoka Bombo. Ana picha yake ya gwaride, kavaa sare na nishani zake, na picha ya marehemu mkewe kavaa gomesi, gauni la heshima la Kiganda, ya zambarau, chini ya mwembe. "Binti yangu, nisimamishie mama watoto hapa kando yangu. Na watu wasijue." Nilimwomba kwanza azitume upya WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha zinabanwa, na uso ukiukuza unageuka viboksi.

Kuziunganisha si kazi. Unafungua ya kwanza, kisha unaingia menyu ya "File", unachagua "Open as Layers", na ya pili inakaa juu yake kama leya, yaani tabaka lake peke yake. Kifutio sikigusi. Naenda "Layer", "Mask", "Add Layer Mask", halafu kwenye maski hiyo, yaani pazia la leya, napaka rangi nyeusi mahali ninapotaka pafichike. Nikipitiliza nikala sikio, napaka nyeupe, sikio linarudi.

Kasheshe ilikuwa mabega. Mabega ya gomesi yana zile ncha zilizosimama, na kitambaa kile kinang'aa, kwa hiyo kilikuwa kimedaka ukijani wa majani ya mwembe pembezoni kote. Ukimhamishia kwenye uwanja wa gwaride na ukijani ule, hata mtoto atajua. "Colors", "Hue-Saturation", chagua kijani peke yake, punguza ukali wake. Zambarau haikuguswa.

Kisha jua. Kwenye picha ya afande jua linatoka kushoto, kwa mama linatoka kulia. Hapa ndipo mabango mengi ya mtaa wetu yanapoumbuka: kila uso umekuja na jua lake. Dawa ya haraka ipo kwenye "Layer", "Transform", "Flip Horizontally", na mtu anageuka mara moja. Lakini ukimgeuza afande, nishani zinahamia kifua cha kulia, na mwanajeshi gani huyo? Ukimgeuza mama, vile vifungo viwili vya gomesi vinavyokaa kushoto chini ya shingo vinakwenda kulia. Ssenga yeyote, shangazi wa Kiganda, atakayeingia sebuleni ataviona kabla hajakaa.

Basi sikugeuza mtu. Leya ya mama niliinakili mara mbili. Nakala moja niliitia giza kwa "Curves" ya menyu ya "Colors", nyingine nikaiangaza, kila moja na maski yake yenye mteremko wa rangi kutoka nyeusi hadi nyeupe, ili giza liangukie shavu lililokuwa na jua na mwanga uende lile lingine. Kivuli cha pua kilinisumbua kuliko vyote. Nilikipaka kwa mkono, kidogokidogo, kwa brashi laini. Kivuli cha chini nacho nilikichora kwenye leya mpya chini ya mama, nikaiweka "Multiply" ili itie giza kilicho chini yake, nikakilaza upande kilikolala cha afande. Ile "Drop Shadow" ya tayari siitumii kwa watu. Inawafanya waonekane stika zilizobandikwa ukutani.

Karatasi ni A3, nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 3508 kwa 4961. Niliangaza kidogo zaidi ya ninavyoona kwenye skrini, maana wino huzamisha rangi. Faili ya XCF yenye leya zote niliihifadhi, mteja akapewa JPEG.

Afande aliitazama sana. Akasema nzuri, ila nyuma pametulia mno. "Weka na simba."

Simba niliyempata jua lake lilitoka kulia. Hana nishani wala vifungo, kwa hiyo yeye nilimgeuza.