Viru Halichumwi

Shilingi elfu tano. Ndizo nilizotoa dirishani pale stendi ya Korogwe kwa kisado cha maviru, na sikula hata moja. Basi lilisimama kidogo tu, kijana akanyanyua ndoo yake, nikaona yale matunda ya mviringo, mkono ukaingia mfukoni kabla macho hayajatazama vizuri. Yalikuwa ya kijani kibichi. Msimu ndio kwanza ulikuwa unaanza, na mimi nilikuwa na njaa ya miaka thelathini.

Nieleze njaa hiyo. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na mimi nililelewa huko kwa bibi hadi nilipotimiza miaka tisa, baba akaja kutuchukua kwenda kwao Kibosho. Huko nikajua kahawa na ndizi, nikaoa, nikazeekea. Viru nikalisahau. Mwaka jana kazi ikanipeleka Maputo, Msumbiji, na siku moja mwenyeji wangu akaweka mezani bakuli la matunda ya rangi ya kahawia. "Mapfilwa," akasema. Nilipouma tu nikajikuta uani kwa bibi. Na hilo jina! Mapfilwa, maviru: sikio lilitambua ndugu kabla ulimi haujamaliza kuonja. Akaniambia Botswana wanaliita mmilo, na kwamba Waingereza wanaliita medla ya porini, kwa kulifananisha na tunda la kwao.

Medla yenyewe ni tunda la Uajemi, Uturuki na Ulaya. Huchumwa likiwa gumu, kali, halitafuniki, kisha hulazwa kwenye majani makavu kwa wiki kadhaa mpaka liwe laini na la kahawia kama lililooza, ndipo huliwa. Habari hiyo niliishika vizuri, na ndiyo iliyonitia hasara ya pili.

Kwa maana nilipofika Tanga sikuyatupa maviru ya Korogwe. Nilijisemea, kama medla hulala majanini ikawiva, na haya yatawiva. Nikayafunga kwenye kanga ya mke wangu, nikayaweka chini ya kitanda katika nyumba ya wageni pale Chumbageni, chumba cha elfu thelathini na tano ambacho feni yake ilizunguka siku ya kwanza tu. Siku nne. Nilitembelea ndugu wa mama Ngamiani, nikala, nikalala, sina la kusimulia. Kila jioni nilifungua kanga. Siku ya nne maviru yalikuwa yamesinyaa kama ngozi ya kisigino, na bado ya kijani. Nikang'ata moja. Ukakasi ulinikaza mdomo mpaka nikashindwa kumjibu mhudumu aliyekuja kudai hela ya chumba.

Binamu yangu ndiye aliyesema niende Tongoni, njia ya Pangani, kule kwenye makaburi ya kale ya Washirazi, kwani alijua nyumba yenye mviru. Bodaboda alitaka elfu kumi na tano kwenda na kurudi. Nikabishana, akashuka hadi kumi na mbili, na njiani akasimama kutia mafuta kwa hela yangu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo ya marehemu bibi yangu, ameketi mkekani anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watokea wapi?"

Nikamweleza, nikamwonyesha moja la yale yaliyosinyaa, nililokuja nalo mfukoni. Alilichukua, akalibinya, akacheka kidogo, kisha akanitazama kwa huruma.

"Hili limeibwa, mwanangu. Halikuibiwa mwenye mti, limeibiwa uchanga wake. Viru halichumwi. Laokotwa."

"Nimesikia huko ng'ambo wanalaza matunda yakawiva."

"Lililopea hulazwa. Hili halijapea. Laza mwaka mzima, litakuwa kuni."

Akainuka, akanipeleka nyuma ya nyumba. Mti haukuwa mkubwa. Ningepanda kwenye ngazi fupi ningegusa kilele chake. Majani mapana, laini kwa vinyweleo kama sikio la mbuzi. Chini yake yalikuwapo matano, yameanguka usiku. Akanipa moja. Ganda la kahawia, jembamba, kavu kidogo. Nilipolibana kwa vidole viwili lilipasuka kwa sauti ndogo, na ndani nyama ya rangi ya udongo mwekundu, laini, imeshikana na kokwa nne ngumu zenye umbo la kucha. Ladha yake ni ya ukwaju uliotiwa sukari guru. Hailiwi kwa meno, hufyonzwa. Nilifyonza kokwa moja baada ya nyingine bila kusema neno, na bibi akaniacha.

Ndipo nikashika tawi, na nikashtuka. Majani yalikaa mawili mawili, yakitazamana, na katikati ya vikonyo viwili kulikuwa na jani dogo la pembetatu, kama ncha ya ulimi. Jani hilo nalijua. Nimeliona maisha yangu yote ya utu uzima nikipogolea mibuni Kibosho. Mviru na mbuni ni ukoo mmoja! Medla ya Ulaya ni ya ukoo wa waridi na tufaa, haina undugu wowote na viru zaidi ya rangi na ulaini. Waliolipa jina hilo walitazama tunda, hawakutazama jani. Na mimi nikafuata jina lao mpaka chini ya kitanda, hali shina lenyewe ni ndugu ya mti ninaoulalia na kuuamkia.

Nilimsimulia bibi nilichoambiwa Maputo: kwamba Mwingereza William Burchell, mtafiti wa mimea, alipouandika mti wa namna hii mwaka 1824 aliuita infausta, yaani wa nuksi, na kwamba kusini wako wafugaji wasiothubutu kukokea kuni zake, wakiamini ng'ombe watazaa madume matupu.

"Nuksi?" akasema. "Wajukuu wangu wamekulia hapa chini."

Akasuka pakacha la makuti papo hapo, akanitilia yote yaliyokuwapo na mengine aliyokuwa ameyalaza ndani siku mbili, ishirini na tatu kwa jumla. Nilitoa elfu kumi, akakataa. Nikamwachia sukari kilo mbili dukani kwa jirani.

Kondakta wa basi la kurudi alitaka elfu tatu za mzigo. Kwa pakacha! Nililipakata tangu Tanga mpaka Moshi, saa zote hizo, magoti yakifa ganzi. Tulipopita Same mama aliyeketi pembeni yangu akauliza ni harufu gani hiyo nzuri, nikampa mawili. Kokwa alizitema kiganjani, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake.

Zangu nimezipanda kwenye makopo, chini ya migomba, mkabala na mibuni. Bado hazijachipua.