Mipini ya bisibisi nzuri katika joto la Pwani

Kwa fundi umeme wa majumbani, bisibisi hukaa mkononi muda mrefu kuliko kifaa kingine chochote, na hata hivyo wengi wetu tunapoichagua dukani hutazama ncha peke yake: kama ni bapa au nyota, kama ina sumaku, kama chuma chake kimeandikwa kromu na vanadi. Mpini huupita kama pambo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia kwa zamu bisibisi za viwanda vinne vinavyoheshimika, yaani Wera na Wiha vya Ujerumani, PB Swiss Tools cha Uswisi na Vessel cha Japani, na maoni yangu ni kwamba ncha za daraja hilo zinakaribiana sana, ilhali mipini hutofautiana kiasi cha kubadili mwendo wa kazi nzima. Maoni yangu mengine, ambayo baadhi ya mafundi wenzangu hawayakubali, ni kwamba katika joto lenye unyevu la Dar es Salaam umbo la mpini lina maana zaidi kuliko ulaini wake.

Ili kulinganisha kwa haki, inafaa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo mpini mmoja hutakiwa kuzifanya. Ya kwanza ni kukaza na kulegeza, pale ambapo skrubu imeshika na mkono wote unahitajika. Hapa kipenyo cha mpini ndicho huamua: kwa nguvu ileile ya mkono, mpini wenye kipenyo cha milimita 36 hutoa nguvu ya mzunguko mara moja na nusu ya ile ya mpini wenye milimita 24. Urefu wa bisibisi hauongezi kitu katika hesabu hiyo, ingawa imani kwamba bisibisi ndefu ina nguvu zaidi imeenea sana; ndefu humsaidia fundi kuona kama ameinyoosha sawasawa na kufika kwenye kina, basi. Kazi ya pili ni kuzungusha kwa kasi skrubu ambayo bado au tayari ni nyepesi, na hiyo hufanywa kwa ncha za vidole. Humo mambo hugeuka, kwa sababu mpini mnene una mzingo mrefu, na vidole hulazimika kusafiri zaidi ili kukamilisha mzunguko mmoja.

Kazi hii ya pili hudharauliwa bila sababu. Chukua soketi za ukutani za mtindo wa Uingereza, zenye matundu matatu ya mstatili, ambazo ndizo tunazofunga Tanzania na Kenya. Vifuniko vyake hushikwa na skrubu mbili za kipimo cha M3.5, yaani zenye kipenyo cha milimita 3.5, na kila mzunguko wa skrubu hiyo huisogeza milimita 0.6 tu. Ikiwa skrubu inapaswa kuingia milimita 20 ndani ya boksi la ukutani, fundi ataizungusha zaidi ya mara 30, na nyumba yenye soketi nyingi humaanisha mizunguko isiyohesabika ambayo karibu yote haihitaji nguvu yoyote. Mpini uliotengenezwa kwa ajili ya nguvu peke yake humchosha mtu hapo kuliko anavyotarajia, na uchovu huo huanzia kwenye kidole gumba.

Wera, kampuni ya Wuppertal, ndiyo iliyolifikiria jambo hili kwa undani zaidi, na mpini wake uitwao Kraftform ulibuniwa kwa kuanza na mkono wenyewe. Nyuma ni mnene na umeviringika kama tumbo ili ukijaze kiganja, mbele unakuwa mwembamba mahali ambapo vidole huzungushia, na sura yake imegawanywa katika sehemu ngumu na sehemu laini. Sehemu ngumu huruhusu mkono kuteleza na kubadilisha nafasi haraka bila ngozi kuvutwa. Sehemu laini hushika wakati wa kukaza. Mtu anayeushika kwa mara ya kwanza huona umbo la ajabu, na baada ya muda mfupi haoni tena umbo, jambo ambalo kwangu ndiyo sifa kubwa ya mpini. Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, umepangwa kwa ajili ya mshiko mmoja mahususi, hivyo mwenye kiganja kidogo hujikuta vidole vyake haviangukii kwenye mabonde yaliyokusudiwa. Pili, vumbi la saruji hupenda kukaa kwenye mipaka kati ya sehemu ngumu na laini, na likichanganyika na jasho hugeuka tope ambalo kitambaa kikavu hakiliondoi.

Wiha, yenye makao yake Schonach katika milima ya Msitu Mweusi, inafuata njia ya upole zaidi. Mpini wake wa SoftFinish una kiini kigumu kilichofunikwa kwa tabaka laini karibu kote, na kwa mkono mkavu ndio unaopendeza kushika kuliko yote. Bisibisi zake zenye kinga ya umeme hazitoki kwenye mfuko wangu, hasa zile ambazo kinga ya ufito (chuma kirefu kati ya mpini na ncha) imezamishwa ndani ya chuma karibu na ncha, kwa kuwa hizo hufika kwenye skrubu zilizojificha ndani ya vikata umeme vya kisasa, mahali ambapo bisibisi ya kinga nene hukwama mlangoni. Lakini tabaka laini likilowa jasho, ule mshiko mzuri hupungua ghafla, na mkono hubaki ukitegemea umbo ambalo halina pembe za kutosha. Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka msemo wa wauzaji kwamba mpini wa mpira hautelezi. Hautelezi ukiwa mkavu na safi.

Niseme kidogo kuhusu kinga yenyewe, kwa kuwa inagusa mpini. Bisibisi ya kweli ya fundi umeme hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi ya 1000 V, na kinga yake huanzia kwenye mpini hadi karibu kabisa na ncha. Ukingo ulioinuka mbele ya mpini, ambao baadhi ya mafundi huukata kwa kisu kwa sababu unawasumbua, umewekwa ili vidole visiteleze kwenda kwenye chuma. Mkono wenye jasho unauhitaji ukingo huo kuliko mkono mwingine wowote.

PB Swiss Tools ni habari tofauti. Kampuni hii ya kijiji cha Wasen, katika bonde la Emmental, ilianza kama karakana ya mhunzi, na mpini wake wa zamani, ule mwekundu unaopenyeza mwanga, hauna mpira hata kidogo. Ni plastiki ngumu ya selulosi yenye pembe zilizolainishwa, nyembamba kuliko Kraftform, na ukiuona tu dukani utafikiri ni wa bei nafuu. Hauvutii mkono, huuachia mkono uamue. Unazunguka kwa vidole upesi kuliko mipini yote niliyoitaja, na unapofika wakati wa kukaza, pembe zake hukamatwa na mikunjo ya vidole hata kama kiganja kimelowa. Nimeupaka mafuta ya mashine makusudi, nikaupaka pia Kraftform na SoftFinish, nikajaribu kulegeza skrubu ileile ya bapa iliyokazwa kwenye ubao mgumu. Mpini wa PB haukuteleza sana kama ile mingine miwili, na ulifutika safi kwa mara moja. Sitadai kwamba jaribio hilo ni la kimaabara, lakini liliafikiana na yale ambayo mkono wangu ulikuwa umeyasema muda mrefu. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya nguvu ikiendelea kwa saa nyingi, pembe hizo huanza kuuma, na ambaye mikono yake haijaota sugu atavimba malengelenge.

Plastiki ya jamii hiyo ina kasoro moja ambayo katalogi haziitaji. Mipini ya zamani ya selulosi, bila kujali kiwanda, ikifungiwa miaka mingi kwenye sanduku lisilopitisha hewa katika hali ya joto na unyevu, huweza kutoa asidi ya butiriki, ileile inayoifanya samli iliyochacha inuke. Anayenunua vifaa vya mtumba kutoka Ulaya atakutana na harufu hiyo siku moja na kudhani kuna panya aliyefia sandukuni. Maji ya vuguvugu, sabuni na kuanika kwenye hewa huipunguza sana, na nguvu ya mpini kwa kawaida haijaathirika.

Vessel, ya Osaka tangu 1916, sikuitarajia. Mpini wake mfupi wenye kichwa cha duara, unaoitwa Ball Grip, huonekana kama wa kuchezea, lakini una mantiki yake. Skrubu ya nyota ya mtindo wa Phillips ina kuta zilizoinama, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha huisukuma ncha kutoka nje, na fundi asipoegemea mbele, kichwa cha skrubu huliwa. Wajapani hufundisha kwamba kwenye skrubu ya nyota, sehemu saba kati ya kumi za nguvu ni za kusukuma na tatu tu ni za kuzungusha. Duara lile hukaa katikati ya kiganja na kuupokea uzito wa mkono bila kuchoma ngozi, jambo ambalo mipini myembamba haiwezi. Kwa skrubu za nyota zilizoshika kutu kwenye bawaba za milango au mabano ya feni, siitumii nyingine. Kwa soketi za ukutani haifai: ni mnene mno kwa vidole.

Kwa hiyo anayeuliza anunue ipi kati ya hizi nne, jibu langu hutegemea kama anakaa Mbeya au Tanga. Kwenye baridi na ukavu wa nyanda za juu, Wiha au Wera itamfaa na ataifurahia kila siku. Huku Pwani ningemshauri achukue PB ya mpini mgumu kwa bapa za milimita 4 na 5.5, Vessel ya duara kwa nyota namba 2, na Wiha yenye kinga kwa ajili ya ubao wa umeme peke yake, kisha aweke kitambaa cha pamba mfukoni. Bei zake ni za kuumiza, na hakuna sababu ya kununua seti nzima, kwa kuwa katika seti ya bisibisi sita fundi wa majumbani hutumia tatu. Kabla ya kulipa amwombe muuzaji amruhusu kuitoa kwenye kadi, alowanishe kiganja kwa maji, kisha aushike mpini na kujaribu kuuzungusha huku mkono wa pili ukizuia ufito.