Aliyeilima alipata ngapi?

Swali la mama limekataa kunitoka. Aliniuliza Jumamosi kwenye simu, nikiwa chumba cha mapumziko kazini, na tangu hapo nimelijibu kimoyomoyo kwenye treni, nikimsuka mwanangu Lulu, na nikiwa nimesimama kwenye kona yangu ya ghorofa ya pili nawaomba wageni warudi nyuma ya mstari. Kila jibu ninalolipata naliona fupi.

Wiki imekuwa na mengi. Ndeshi kavishwa pete, mjomba kapita uenyekiti wa kitongoji kwenye uchaguzi wa Jumatano, na ile barua ya nyumba tuliyoisubiri hatimaye imefika. Nitayaandika. Leo acheni niandike kuhusu ndizi.

Mnajua ndizi ninayoisema. Makumbusho ninapolinda hayana ndizi yoyote, lakini siku hizi mgeni anapanda ngazi, anapita picha zilizochorwa kwa rangi za mafuta miaka mia mbili iliyopita bila kuzitazama, ananiuliza mimi ndizi iko wapi. Kwa asiyejua: mwaka 2019, kwenye maonyesho ya sanaa ya Art Basel Miami Beach, msanii wa Kiitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi mbivu ukutani kwa kipande cha selotepu nene ya kijivu, akaiita Comedian. Zilikuwa nakala tatu. Mbili za kwanza ziliuzwa dola 120,000 kila moja, ya mwisho ikapanda hadi 150,000. Siku hizo hizo msanii mwingine, David Datuna, akaibandua ile iliyokuwa ukutani, akaimenya, akaila watu wakimpiga video. Wenye banda wakabandika nyingine, maisha yakaendelea. Mnunuzi anachopewa ni cheti na maelekezo: ndizi ikae sentimita 175 kutoka sakafuni, na ikianza kuharibika ibadilishwe.

Sasa tarehe 20 Novemba 2024, nakala moja ikapigwa mnada hapa New York, kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's. Walikadiria dola milioni 1 hadi 1.5. Ikaenda kwa milioni 6.2 pamoja na ada. Aliyeichukua ni Justin Sun, tajiri wa sarafu za mtandaoni, na Ijumaa, tarehe 29, aliila Hong Kong mbele ya waandishi wa habari, akasema ni tamu kuliko ndizi nyingine.

Nilimpigia mama makusudi nimchekeshe. Nayaandika maneno yetu yote kwa sababu sitaki yapotee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Mama Lulu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, huku ndizi imeuzwa shilingi bilioni 16."

"Shamba?"

"Ndizi."

"Mikungu mingapi?"

"Ndizi moja, mama. Wameibandika ukutani."

Akanyamaza. Nikamsikia anamwambia ndugu yangu Elisante apunguze redio.

"Aina gani?"

Nimesoma maandishi mengi mno kuhusu ile kazi, ya wanaoitukuza na ya wanaoitukana, na sijamwona hata mmoja aliyeuliza ni ndizi ya aina gani. Mama anazo mshare, kisukari na ndizi ng'ombe kwenye kihamba kimoja, yaani shamba letu la nyumbani la Kichagga, na kwake hakuna kitu kinachoitwa ndizi tu.

"Hizi ndefu za dukani," nikamwambia.

"Hizo hazina ladha. Wameibandika na nini?"

"Selotepu."

"Ikioza?"

"Wanaweka nyingine."

"Nyingine wanakupa wao?"

"Hapana, unanunua mwenyewe."

"Bilioni 16, na nyingine ununue mwenyewe!" Akacheka mpaka akakohoa. "Na huyo aliyenunua kaipeleka wapi?"

"Kaila."

"Angalau huyo ana akili."

Hapo nilicheka hadi mwenzangu wa zamu akaja kufunga mlango. Na ningekata simu wakati huo, ningekuwa na kichekesho changu cha wiki, basi. Lakini mama akaendelea. "Na aliyeiuza?"

Hilo nilikuwa nalo jibu. Nikamweleza kwamba ndizi ile ilinunuliwa kwenye meza ya matunda barabarani, nje ya Sotheby's kule Upper East Side, kwa senti 35. Muuzaji ni mzee kutoka Bangladesh. Mwandishi wa New York Times alipomfuata na kumwambia ndizi yake imefika wapi, mzee akalia. Yule tajiri akaahidi kununua ndizi 100,000 kwenye meza ile ile azigawe bure, ila mzee ni mwajiriwa pale, faida ni ya mwenye meza. Mama akasonya. Nikadhani tumemaliza.

"Simuulizi huyo," akasema. "Huyo naye alinunua kwa mtu. Aliyeilima alipata ngapi?"

Aliyeilima alipata ngapi. Alilisema bila hasira, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula. Mapumziko yangu yakawa yameisha, nikamwambia nitampigia.

Nilirudi kwenye kona yangu nikiwa nimekasirika, na hasira hiyo haijapoa. Kila mtu kwenye hadithi hii katajwa: msanii, mpiga mnada, mnunuzi, waliokula, hata yule mwanafunzi wa Seoul aliyeila nakala nyingine mwaka 2023 akasema hakuwa amepata kifungua kinywa. Muuzaji naye alipata ukurasa wake, na nashukuru alipata. Lakini ndizi haikuota mezani. Ndizi nyingi zinazoliwa nchi hii zinatoka Guatemala, Ecuador, Costa Rica. Zinakatwa mbichi kabisa, zinasafiri majini kwenye makontena ya baridi, zikifika zinafungiwa vyumbani na kupigwa gesi ya ethilini ziive kwa pamoja. Ili zote hizo ziishie mezani kwa senti 35, na watu wote wa njiani wapate chao, hebu fikirieni kinachobaki kule mwanzo.

Mimi kule mwanzo nakujua. Dalali anakuja na Fuso, anasimama barabarani hazimi injini. Anaupiga mkungu kofi, anasema umekonda. Kila mkungu kwake umekonda. Mama anataja bei, dalali anatazama saa. Mnaotukumbuka sisi tuliokuwa tunabeba mikungu asubuhi kabla ya shule, mnajua utomvu: unadondoka kutoka kwenye kikonyo, unapita pembeni ya ngata, unashuka shingoni mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Ukidondoka hauna rangi. Kufika mchana umekuwa kahawia, ukikauka ni mweusi, na hakuna sabuni inayoutoa. Mwalimu wa zamu alikuwa akitukagua usafi na kututoa kwenye mstari, watoto wa ndizi wote tukiwa na shingo za madoadoa. Mama ndiye aliyekuwa akiyasugua yale mashati kwa ndimu usiku, na ndiye anayeniuliza leo.

Nisieleweke vibaya, mimi naipenda sanaa ya chakula, naipenda kweli. Lile pande la tango la siki la msanii Matthew Griffin, lililotolewa kwenye baga ya McDonald's na kurushwa darini kwenye ukumbi mmoja wa Auckland mwaka 2022, likanata kwa mchuzi wake lenyewe na kutajwa bei ya dola 10,000 za New Zealand, lilinifurahisha wiki nzima. (Mama alisema kwao mtoto akirusha chakula darini analala njaa.) Na lile lundo la pipi la msanii Felix Gonzalez-Torres la mwaka 1991, lenye uzito wa pauni 175, kwa kumkumbuka mpenzi wake Ross aliyekufa kwa UKIMWI: unaruhusiwa kuchukua pipi ule, lundo linapungua, wanajaza tena. Nimewaona watu wazima wakitoka pale na ganda la pipi mkononi hawajui walitupe wapi. Chakula kinamfikia mtu ambaye picha ya mafuta haikumgusa.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka msanii Kara Walker, nikawa mwepesi ghafla. Mwaka 2014 nilikuwa mgeni mjini, shangazi akanipeleka Brooklyn kwenye kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino kabla hakijabomolewa. Ndani, sanamu ya mwanamke mkubwa, mweusi kwa sura na mweupe kwa sukari, amelala mkao wa sfinksi, yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, kitambaa kimefungwa kichwani, kimo chake kinakaribia dari. Kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya molasi. Pembeni zilisimama sanamu za watoto wamebeba vikapu, na baadhi yao, waliotengenezwa kwa sukari tupu, walikuwa wakiyeyuka kwa joto, vipande vikianguka sakafuni. Jina la kazi ile ni refu mno, na ndani yake ameandika wazi kuwa ni heshima kwa mafundi wasiolipwa na waliofanyishwa kazi kupita kiasi, kuanzia mashamba ya miwa hadi jikoni. Aliwataja waliolima! Shangazi alisimama pale mpaka watu wote waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakatupita.

Jumapili nikampigia mama nikamsimulia yote hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sisimizi hawakuila ile sanamu. Kisha akataka nimweleze zile kadi ndogo ninazosema ziko pembeni ya kila picha kazini, huwa zimeandikwa nini. Nikamwambia: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa kwa nini.

Jumanne Elisante kanitumia picha. Ukuta wa jiko la nje, ndizi kisukari moja, selotepu ile ya kufungia madaftari ya watoto imezungushwa mara nyingi kwa sababu ni nyembamba. Pembeni kuna kadi iliyokatwa kwenye boksi la majani ya chai, na mwandiko wa Elisante: jina la mama, la ubatizo na la ukoo. "Kisukari. Kihamba cha chini, mgomba wa tatu kutoka mfereji. 2024. Imelimwa na mwenyewe." Bei haikuandikwa. Nimeiweka kwenye simu yangu juu kabisa, na leo mgeni aliponiuliza ndizi iko wapi, nilimwonyesha. Alisoma kadi nzima, nikamtafsiria, akaniuliza kihamba ni kitu gani, tukaongea mpaka msimamizi akanitazama.

Mtoto wa Elisante aliila kabla jua halijazama. Kadi wameiacha ukutani.

Picha ya pili aliyotuma ni mama akiikagua hiyo kadi kabla haijabandikwa. Kaileta karibu kabisa na pua, jicho la kushoto kalifumba. Hilo ndilo walilomtoa mtoto wa jicho mwaka jana, na mimi aliniambia limepona. Nimemuuliza Elisante, kanijibu "mama yuko poa dada", jibu lake la kila kitu. Tarehe yake ya kliniki ni Februari, nami naona Februari ni mbali. Kama kuna anayejua daktari wa macho atakayepita Mkuu au Tarakea, kule kwetu Rombo, kabla ya Krismasi, naomba aniandikie.