Mistari myeusi kwenye picha za kahawa: DMA ilivyonipa kazi Moshi

Aliyenipigia simu ni mama msimamizi wa ubora. Nilikuwa Mbuyuni, sokoni, mikono imejaa mizigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, mashine yako inatupa kahawa nzuri kwenye taka."

Nilipofika kiwandani alinionyesha ndoo ya taka. Ilikuwa imejaa punje nzima, za rangi ile ya kijani inayoelekea buluu ambayo kila mtu wa kahawa huku Kilimanjaro anaijua. Ni msimu, wakulima wanasubiri daraja la kahawa yao, na mashine inapuliza mali ya watu kwenye ndoo ya taka. Nilizima, nikaomba wachambue kwa mikono mpaka niseme.

Mashine yenyewe inafanya hivi. Kahawa iliyokwisha kukobolewa inaporomoka mbele ya kamera inayopiga mstari mmoja mmoja, kila mstari pikseli 2,048, mistari 10,000 kwa sekunde. Programu ikiona punje nyeusi, vali inafunguka na hewa inaipiga punje ile kando kabla haijafika chini. Kamera imeunganishwa na kadi ya zamani ya PCI (kadi inayochomekwa kwenye bodi ya kompyuta) ndani ya kompyuta ya Linux. Draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha, niliiandika mimi, na ilikuwa imefanya kazi miaka miwili bila neno. Kitu pekee kilichobadilika ni RAM: jana yake nilikuwa nimeitoa kutoka GB 2 nikaweka GB 8, ili tuhifadhi picha nyingi zaidi.

Nilibandika karatasi nyeupe mbele ya kamera nikatazama picha. Ilikuwa na mapande: peupe, peusi tii, peusi, peupe, peusi. Nilihangaika na taa, nikabadilisha waya wa kamera, asubuhi yote ikaishia hapo. Kilichonifungua macho ni kukaa chini na kuhesabu. Kila pande jeusi lilikuwa na mistari 64 kamili. Taa ikifa haiwezi kuchagua kufa kwa mistari 64 kisha iwake. Na 64 ndiyo namba niliyoiandika mimi kwenye draiva: bafa moja, kipande cha RAM cha kupokelea data, inabeba mistari 64, yaani KB 128, na bafa ziko nane kwenye mzunguko. Nikahesabu tena, na kweli mpangilio ulikuwa unajirudia kila baada ya mapande nane. Bafa tano zilikuwa nyeusi, tatu nzima, zilezile kila mara.

Hapa inabidi nieleze data inavyosafiri. Kamera hii inatoa kama MB 20 kwa sekunde. Prosesa ingekuwa inazichota yenyewe kutoka kwenye kadi, baiti nne nne, ingebidi isome zaidi ya mara milioni tano kwa sekunde, na kila mara isimame kungoja jibu la basi, ile njia ya ndani inayounganisha kadi na kompyuta. Ndiyo maana kuna DMA (direct memory access), yaani kifaa kufikia RAM bila kupitia prosesa: draiva inaiandikia kadi orodha ya anwani za bafa, kadi inashika basi na kuandika moja kwa moja kwenye RAM, na ikimaliza bafa inaigutusha prosesa kwa interapti. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981 kazi hii ilifanywa na chipu moja, Intel 8237, yenye njia nne, kwa niaba ya kadi zote. Kwenye PCI kadi inajibebea mzigo wake.

Lakini kadi haijui anwani zile ambazo programu inazijua. Programu inatumia anwani za kufikirika ambazo prosesa inazitafsiri. Kadi inahitaji anwani ya kwenye basi. Na kadi yangu ina biti 32 tu za anwani, kwa hiyo mwisho wake ni GB 4. Hilo nililijua na nilikuwa nimelitangaza kwa kerneli, kiini cha Linux, kwa kuita dma_set_mask. Kwenye GB 2 halikuwa na maana yoyote, kila bafa ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Nikaongeza kwenye draiva mstari wa kuchapisha anwani mbili za kila bafa: ya RAM halisi, na ile niliyopewa na dma_map_single kuipa kadi. Bafa nzima zilikuwa na namba moja pande zote mbili, mfano 0x9A420000 na 0x9A420000. Bafa nyeusi ya kwanza ilikuwa 0x1A3C40000 kwenye RAM, lakini kadi ilikuwa imepewa 0xB7A60000. Nilizitazama namba zile mbili muda mrefu. Kadi ilikuwa inaandika mahali pengine kabisa, na ilikuwa imeagizwa kufanya hivyo. Nikarudi kwenye logi za kerneli: kulikuwa na mstari unaotaja swiotlb, njia ya kerneli ya kupitisha data kwenye eneo la muda, ambao kwenye GB 2 haukuwahi kuwepo.

Mtu wa huku ataelewa haraka. Mvua za masika zikikolea, lori la mizigo halipandi hadi kijijini; linashusha magunia kwenye lami, na mwenye mzigo anatuma vijana wayapandishe. GB 4 ndiyo lami ya kadi yangu. Bafa tano zilikuwa juu ya hapo, kwa hiyo kerneli ilitenga eneo la kushushia chini, kadi ikawa inashusha picha pale kwa uaminifu. Aliyetakiwa kutoa agizo la kupandisha ni draiva, kwa kuita dma_sync_single_for_cpu kila bafa inapojaa. Mimi sikuwa nimeita. Programu ikawa inasoma bafa tupu, inaona sifuri, sifuri ni weusi, na vali zote zinafunguka.

Kwa nini basi miaka miwili yote ilikwenda sawa? Kwa sababu kwenye x86, prosesa za kawaida za kompyuta za mezani, kadi ikiandika RAM, kashe za prosesa (kumbukumbu zake ndogo za haraka) zinajirekebisha zenyewe, na bila eneo la kushushia, agizo lile karibu halina kazi ya kufanya. Kwenye bodi nyingi za ARM, familia nyingine ya prosesa, ningegundua siku ya kwanza, maana pale agizo hilohilo ndilo linalofuta data iliyopitwa na wakati kwenye kashe. Kosa lilikuwepo tangu mwanzo. Lilingoja RAM.

Niliongeza miito miwili: dma_sync_single_for_cpu interapti inapokuja, na dma_sync_single_for_device kabla ya kuirudishia kadi bafa. Karatasi ikaonekana nyeupe juu hadi chini. Jioni ileile mashine ikawashwa, na yule mama akasimama kwenye ndoo ya taka zaidi ya saa nzima, akichota kiganja na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa hizi ndizo mbovu," akasema.

Wiki iliyofuata nilikwenda mbele zaidi. Kunakili kila picha mara ya pili ni kazi ya bure kwa prosesa, hivyo bafa zote nane sasa naziomba kwa dma_alloc_coherent, ambayo inazingatia biti 32 za kadi na kunipa nafasi chini ya GB 4 tangu mwanzo. Kwa mashine hii ya x86 naona ndiyo njia bora. Kwa ARM ningefikiri mara mbili, kwa sababu kumbukumbu ya namna hiyo mara nyingi haipiti kwenye kashe, na kuisoma picha nzima kunakuwa kwa kujikokota. Pale ningebaki na ile miito miwili.

Draiva ninazoandika siku hizi naziwasha kwanza kwenye kompyuta ndogo ya mezani kwangu yenye GB 2, nikiwa nimeipa kerneli swiotlb=force, ambayo inalazimisha kila mzigo ushushwe kwenye lami hata kama njia ni kavu. Draiva ile ya zamani niliijaribu hivyo pia. Mapande yote nane yalitoka meusi.