Siku Yangu na Chapa za Mawe

Saa 12 asubuhi. Kifurushi chenye chapa niliyoinunua kilifika jana jioni na sikukigusa. Karatasi iliyotoka safari haifunguliwi papo hapo. Huachwa chumbani usiku kucha izoee hewa, la sivyo huweza kujikunja, na mkunjo wa namna hiyo haukubali kutoka. Nanawa mikono kwa sabuni, naikausha vizuri hadi katikati ya vidole. Mafuta sipaki mpaka kazi iishe.

Ndani, kati ya kadibodi mbili, kuna kazi ya Joan Miró, msanii wa Uhispania. Litografia ya rangi, yaani picha iliyochapwa kutokana na mchoro wa juu ya jiwe: mstari mweusi mnene, doa jekundu, samawati kidogo. Mwuzaji aliitangaza kuwa ina saini ya msanii kwa penseli, na kweli saini ipo, chini kulia.

Saa 1. Mwanga wa dirishani umekolea, nachukua lenzi inayokuza mara 10. Hiki ndicho kipande cha siku ninachokipenda kuliko vyote. Picha ya ofseti, ile ya mitambo inayochapa magazeti na vitabu, hujisema yenyewe chini ya lenzi: rangi zake zimejengwa kwa vitone vya rangi nne vilivyopangwa kwa safu, vikikusanyika kama vijiua. Litografia iliyochorwa kwa mkono haina vitone hivyo. Jekundu hili ni wino mmoja uliolala mzima juu ya karatasi, na pale chaki ya mafuta ilipopita kwa wepesi naona chembe zisizolingana, kama mchanga uliomwagika. Nazitazama robo saa nzima. Hakuna shaka, chapa ni halali.

Kisha nageuza upande wa nyuma. Kuna mkunjo wa zamani katikati, na maandishi ya Kifaransa yaliyochapwa. Moyo unanishuka kidogo, si kwa sababu ya chapa bali kwa sababu ya saini. Ukurasa huu umetoka kwenye Derrière le Miroir, jarida la jumba la sanaa la Maeght la Paris, lililotolewa kuanzia 1946 hadi 1982. Ndani yake zilitiwa litografia asilia za Miró, Chagall, Calder na wengine, na kwa mtu mwenye mfuko mdogo sijui mlango bora wa kuingilia kwenye sanaa hii. Lakini nakala za kawaida za jarida zilitoka bila saini. Nakala chache za kifahari zilikuwepo, kwenye karatasi bora zaidi ya hii. Penseli iliyo juu ya ukurasa wenye mkunjo na maandishi nyuma iliongezwa baadaye. Huenda Miró alimsainia rafiki, ila hapo ningetaka kuona barua, picha, risiti, chochote. Mwuzaji hana hata kimoja.

Saa 3. Namwandikia. Nimejifunza kuandika barua hizi bila hasira, maana wauzaji wengi nao walidanganywa na aliyewauzia. “Ndugu, litografia ni ya kweli na nimeipenda. Saini siwezi kuilipia. Nitaichukua kwa bei ya nakala isiyo na saini, au nitairudisha kwa gharama yangu. Nimeambatisha picha za upande wa nyuma.” Natuma, naweka simu mbali.

Kuanzia saa 4 hadi saa 7 ni fremu tu. Nafungua moja ya zamani. Pambizo la kadibodi lenye asidi limeichoma karatasi na kuacha mstari wa kahawia kuzunguka picha yote. Aliyeitengeneza alibandika pia selotepu. Siiondoi mwenyewe, hiyo ni kazi ya mhifadhi wa karatasi. Ninachoweza ni kubadilisha kadibodi iwe isiyo na asidi.

Saa 8 mchana niko karakana ya fundi mchapaji ninayenunua kwake kazi za wasanii walio hai. Leo wanachapa kutoka kwenye jiwe la chokaa la Solnhofen, jiwe la Bavaria lilelile alilotumia Alois Senefelder alipoigundua njia hii mwishoni mwa miaka ya 1790. Siri yote ni kwamba mafuta na maji havipatani. Msanii amechora kwa chaki ya mafuta, jiwe limetiwa gundi ya mgunga na asidi kidogo. Sasa msaidizi anapitisha sponji yenye maji, fundi anafuata na rola ya wino. Wino unashika pale penye mafuta, kwingine unakataa. Sponji, rola, sponji, rola. Jiwe likianza kukauka fundi anajua kwa sauti ya rola kabla ya kuliangalia. Karatasi inalazwa, mtambo unapita, na anapoinyanyua kwa ncha mbili hakuna mtu anayesema neno.

Toleo lina nakala 20. Zikikamilika, jiwe litasagwa kwa mchanga na maji mpaka mchoro ufutike, lipokee mwingine. Nimeomba nakala 7/20, ya saba kati ya ishirini. Namba ndogo haimaanishi ubora, hilo nalirudia kwa kila anayeanza. Nachagua ile ambayo weusi wake umekaa sawa. Fundi anagandamiza muhuri wake usio na wino pembeni. Naupitishia kidole kwa mbali, bila kugusa.

Saa 1 usiku, mnada wa mtandaoni. Kuna bango la Jules Chéret, mchora mabango Mfaransa wa karne ya 19, ninalolitaka tangu mwezi uliopita. Mabango yale yalichapwa yabandikwe ukutani yanyeshewe, ndiyo maana kila lililobaki lina historia ya kuponea chupuchupu. Hili limegandishwa kwenye kitambaa, jambo la kawaida kwa mabango, lakini ripoti ya hali yake inasema pambizo limekatwa, na kwenye picha naona herufi za chini zimeliwa nusu. Nilishapanga kikomo changu, kamisheni ya mnada ikiwa ndani yake. Bei inakipita, naacha. Inauma.

Saa 3 usiku jibu linaingia. Mwuzaji amekubali bei ya nakala isiyo na saini, na anaomba nimweleze nilijuaje. Namwandikia kurasa mbili.

Halafu nampeleka Miró kwenye jalada lake. Saini siifuti, kifutio kingechubua nyuzi za karatasi na kuacha jeraha. Kwenye jalada naandika kwa penseli tarehe, jarida lilikotoka, hali ya mkunjo, na chini yake: “Saini haina ushahidi. Asiuziwe mtu kama ya Miró.”