Siku Mama Alipopima Maji

Mdogo wangu alipiga simu jana usiku, watoto wameshalala. Yuko kwenye zile wiki mbili za kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo, za maziwa, mayai na mchicha bila ugali wala wali, ili ini lipungue na madaktari wapate nafasi ya kulifikia tumbo. Nilijiandaa kuulizwa kuhusu maumivu, au makovu, au pesa. Akaniuliza, "Kaka, hivi njaa ilirudi?"

Nilimwambia alale, tutaongea wikiendi. Tangu hapo akili yangu imehamia kwenye ile wadi ya ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani, mwaka 2021, nilipofanyiwa mimi.

Mama, wengi wenu mnamjua. Kama hamumjui kwa sura basi mmeshakula kwake, pale Msamvu, Morogoro, kibanda cha pili ukitokea geti la mabasi. Ametulea na kutusomesha kwa wali maharage na samaki wa kukaanga. Hapimi kitu kwa kijiko wala kikombe. Anatazama mteja anavyotembea kuja kukaa, anajua huyu ni wa sahani ya kawaida na huyu ametoka Tunduma na lori, ana njaa ya tangu jana. Na mteja akiondoka lazima amuulize, "Umeshiba?" Akijibiwa ndiyo haamini, anaongeza mchuzi.

Sasa mtu wa namna hiyo nilimpelekea karatasi ya daktari. Wakati huo nilikuwa na kilo 148 kwa urefu wa mita 1.72, kisukari, presha, na usiku pumzi zilikuwa zinakatika usingizini mpaka mke wangu ananitikisa. Daktari alikuwa amenichorea tumbo, akapitisha mstari kwa urefu wake, akapaka wino upande mkubwa. Huu unaondoka, akasema, kama asilimia 80 hivi, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Na upande unaoondoka ndio unaotoa sehemu kubwa ya ghrelini, homoni inayopeleka habari ya njaa kwenye ubongo.

Mama aliigeuzageuza ile karatasi.

"Hili tumbo lina kidonda?"

Halina.

"Lina uvimbe?"

Halina, mama.

"Sasa tumbo zima wanalikata la nini?"

Nikamtaja baba. Kidonda cha kidole ambacho hakikupona, mguu ukakatwa chini ya goti, kisha juu ya goti, na mwaka 2009 tukamzika. Nilimwambia sukari yangu inaelekea kulekule na dawa nazimeza kila siku. Mama alinyamaza, lakini kukubali hakukubali. Tulipouza kiwanja cha Mikese ili nilipe hospitali alitia sahihi yake, akachukua ndoo akaenda kuosha vyombo.

Upasuaji wenyewe siwezi kuwasimulia, nilikuwa usingizini. Matundu matano madogo, tumbo limejazwa gesi ya kaboni ili kamera ione, mashine inayokata na kubana pini kwa mpigo mmoja. Haukuchukua hata saa mbili. Nilipoamka kinywa kilikuwa kikavu, ulimi umeganda juu, na maumivu makali hayakuwa tumboni bali begani. Nesi akanieleza kwamba ni ile gesi iliyobaki, inausumbua msuli wa kupumulia na ubongo unayasikia maumivu begani. Dawa yake ni kutembea. Nikatembezwa usiku uleule, nimevalishwa soksi za kubana miguu na nimechomwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Maji hakuna. Asubuhi nikapelekwa picha, nikameza dawa chungu ili waone kama mshono unavuja. Hauvuji.

Niliporudishwa kitandani nikamkuta mama.

Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, kanga mbili, moja kichwani, na mapajani ameshika chupa ya chai kwa mikono yote miwili. Nilijua kilichomo kabla hajafungua. Supu ya kuku wa kienyeji. Aliniambia ameichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, hana pilipili aliyotia, hana mafuta aliyoacha juu, ni maji matupu, hata mtoto mchanga anakunywa.

Nesi alikuja, msichana mdogo, mpole. Akasema, "Mama, supu si leo. Leo ni maji, na kwa hiki." Akamkabidhi kikombe cha dawa, kile cha plastiki chenye mistari pembeni: 10, 20, 30.

Mama alikitazama.

"Hiki?"

"Ndiyo mama."

"Kwa siku nzima?"

"Hapana, kwa robo saa. Kidogokidogo, asigugumie. Akisikia kujaa, aache."

Nilidhani atabishana. Mama amebishana na mabwana afya, na mgambo, na wenye magari ya mchele. Badala yake aliweka chupa chini, akainuka akanawa mikono, akamimina maji kwenye kile kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akafumba jicho moja. Maji yalikuwa yamepita mstari wa 30 kidogo sana, mimi hata nisingeona. Akamwaga tone. Akakiinua tena. Akamwaga jingine. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kumwona mama akipunguza kitu anachompa mtu.

"Kunywa, baba," akasema.

Ananiita baba tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa nina jina la babake. Nikanywa funda la kwanza. Niliyasikia maji yakishuka, baridi, yakipita nyuma ya kifua, yakafika mahali yakasimama. Nikangoja. Nikanywa la pili. Chini kidogo ya mfupa wa kifua kukawa na mgandamizo, si maumivu, ni kama kuna mtu amekuwekea kiganja kwa ndani. La tatu lilikuwa zito. Kikombe kilikuwa hakijafika nusu na mwili wangu wote ulikuwa unaniambia basi.

Mama ananitazama mdomo. Akauliza swali lake. "Umeshiba?"

Swali hilo nimeulizwa na mama maelfu ya mara, na kila mara nimejibu nimeshiba, kwa adabu, kwa sababu kuna wadogo zangu wanangoja sufuria, au kwa sababu kuna wageni. Siku zote nilikuwa na nafasi ya sahani nyingine. Kilo zile 148 zilijengwa na nafasi ile ambayo haikuwahi kwisha. Sasa nilikuwa nimelala pale na vifunda vitatu vya maji, nikamwambia, "Nimeshiba, mama," na ilikuwa kweli, na nikaona kwamba safari hii ameamini.

Hakulia. Alikaa. Macho yakaenda kwenye saa ya ukutani, na kuanzia hapo hadi jioni hakuiachia ile saa. Kila robo saa alimimina, akainua dirishani, akanipa. Kati ya mara moja na nyingine hakuongea sana. Mchana, kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwenzake anamuuguza bintiye, ametoka Lindi, hana ndugu mjini, ameshindia chai. Mama akafungua chupa, akammiminia supu kwenye kifuniko, akavuta kiti akakaa mbele yake. Yule mama alikunywa yote. Mama akamwangalia mpaka tone la mwisho, akamuuliza kama ameshiba, akamuongeza. Nilikuwa naisikia harufu ya tangawizi kutoka kitandani kwangu, na nilishangaa kwamba haikunifanya nitake kitu chochote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sukari ilishuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujaanza kuonekana kupungua, na daktari akapunguza dawa. Maji, halafu uji mwepesi, halafu vya kupondwa, halafu dagaa na mayai na mtindi, kwa sababu lazima upate gramu 60 za protini kwa siku na tumbo halina pa kuziweka. Kula na kunywa kwa pamoja marufuku. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zikawa zinabaki kwenye taulo, zikarudi. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D nameza mpaka leo na nitameza mpaka nife.

Mtaani kwetu mwanamume akikonda haraka watu wana jibu lao tayari. Mzee mmoja wa ofisini alinivuta pembeni akaniambia, kwa upendo wa kweli, kwamba dawa siku hizi zipo na ni bure, nisione haya, nisimfiche mke wangu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Wapo waliokuwa wanajua ukweli na wakasema nimepita njia ya mkato, na hao ndio walioniumiza. Mtu ambaye hajawahi kuamka usiku wa manane akitafuta pumzi asiniambie habari za mkato.

Kwa hiyo, mdogo wangu: ndiyo, ilirudi. Karibu mwaka mzima wa kwanza sikuisikia, nilikuwa nakula kwa kuwekewa kengele kwenye simu. Halafu asubuhi moja nikaisikia, ndogo, ya kawaida, na nikaogopa kama nimemwona mwizi ndani. Uzito ulishuka hadi kilo 93, kisha ukapanda taratibu hadi karibu 100, ukatulia hapo. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo. Tofauti ni kwamba njaa ya sasa ukiijibu inanyamaza. Ile ya zamani haikuwa inanyamaza. Na usikubali mtu akuambie wewe si mnene vya kutosha. Mimi nilipimwa kwa vigezo vya Marekani vya mwaka 1991, uwiano wa uzito na urefu (BMI) uanzie 40, au 35 ukiwa na maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikavishusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari wafikirie. Wewe umo.

Kuna kitu kimoja ambacho sijui nikiweke wapi. Wapo wanaoniambia kwamba ni mama aliyenilisha mpaka nikaugua. Nimelifikiria sana na siamini. Kuna miaka kibanda kilivunjwa, tulilala na chai ya rangi, na mwanamke aliyewalaza wanawe hivyo hawezi tena kumwona mtoto anakula akamwambia inatosha. Lakini nikikaa naye sasa, akinipakulia vijiko viwili vya wali na kipande cha samaki kwenye kisahani, namwona mkono unavyotaka kurudi kwenye sufuria, na anauzuia. Sijui kama nimemfanyia wema.

Mwaka juzi nilikwenda Morogoro, nikamkuta nyuma ya kibanda anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda kile ambacho zamani nisingethubutu kukikalia. Tuliongea bei ya mafuta, tukaongea watoto. Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo, akaniuliza, "Baba yako angefanyiwa hii, mguu wangeukata?"

Nilimwambia wakati ule sisi hatukuwa tumewahi hata kuisikia.

"Sikuulizi hilo," akasema.